Majibu Arobaini na Matatu

Kufikia Jumatatu ile Nélida Bracamonte alikuwa ameshajaribu programu tatu za kukusanyia mahitaji ya watu, na zote tatu zilikuwa zimemtoa jasho la bure. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wanataka kompyuta iwafanyie nini, kisha kuyaandika mahitaji yao kwa namna ambayo vijana wa ofisini wangeelewa wanachotakiwa kutengeneza. Ni kazi ya kusikiliza. Watu hudhani ni kazi ya mitambo, kwa hiyo kila anakoenda lazima atokee mtu wa kumletea printa iliyokwama, naye huitengeneza, maana kukataa nako kunachosha.

Wa safari hii walikuwa watu arobaini na watatu wa ushirika wa biskuti pale Villa Gobernador Gálvez, nje kidogo ya jiji la Rosario. Zamani kiwanda kilikuwa na tajiri wake. Tajiri alifilisika akafunga geti, wafanyakazi wakalivunja wakaingia, na tangu hapo ni chao. Hakuna bosi, na kila mtu huchukua fungu sawa na mwenzake. Sasa walitaka programu ya kupokea oda na kujua unga umebaki kiasi gani, kwa sababu habari zote hizo zilikaa kwenye daftari moja na kichwani mwa mtu mmoja. Mtu mwenyewe ni Elvio Zapponi, mwenyekiti wao na mpishi wa tanuri la pili, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bonge naye akaitika bila kinyongo.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kadi za rangi. Kila mtu aandike hitaji lake kwenye kadi, kadi zikae ukutani mwa kompyuta, mambo yawe wazi. Haya, ilidai barua pepe na neno la siri. Kati ya arobaini na watatu, kumi na wawili walikuwa na barua pepe, na kati ya hao watano ndio waliokumbuka namna ya kuifungua. Bonge akaona isiwe taabu. Akachukua neno lake la siri, akaliandika kwa kalamu nene kwenye boksi, akalipigilia msumari juu ya tanuri ili kila mwenye haja alitumie. Kufikia jioni ushirika mzima ulikuwa umeingia kwa jina la Elvio Zapponi.

Ya pili ilikuwa na visanduku na mishale. Wanawake wa ufungashaji waliitazama kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama ile ndiyo ramani ya mfereji wa maji machafu, maana walikuwa wakiungojea tangu mwaka juzi. Ya tatu ilikuwa jedwali tu, safu na safu, na palipouliza kila hitaji ni la ngapi kwa umuhimu, yote yalijazwa la kwanza. Mahitaji tisini na sita, yote ya kwanza! Nélida aliikunja kompyuta yake akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu hiyohiyo Leandro, bosi wake, alimpigia simu. Leandro alikuwa na miaka thelathini na minne na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Neli, wiki ya tatu hii."

"Najua."

"Ijumaa saa sita mchana nataka hati ya mahitaji, yaliyokubaliwa, yasiyo na ubishi. Na ile skrini ya kuhesabu iwemo."

Skrini ya kuhesabu ilikuwa ubao mkubwa wa kuning'iniza ukutani, unaoonyesha kila mfanyakazi kwa jina lake amefungasha trei ngapi kwa saa. Kampuni ilikuwa nayo tayari, imeshauzwa kwa viwanda vinne, na Leandro alikuwa amewatajia wanaushirika siku ya kwanza kabisa.

"Na wasipoitaka?" Nélida aliuliza.

"Basi mradi huu hauna faida kwetu, nauacha. Halafu tuambiane ukweli, Neli. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Mradi ukianguka, mimi nitauongeza kwa sababu gani?"

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Pensheni ilikuwa mbele yake miaka mitatu, na huko nje hakuna aliyekuwa akimtafuta mwanamke wa umri huo mwenye kazi ya kusikiliza. Alisema sawa, akakata simu, akakaa jikoni kwake bila kuwasha taa ingawa mvua ilikuwa imeleta giza mchana. Alikuwa amechoka mpaka kwenye meno.

Asubuhi ya Jumanne akaipata ya nne. Programu yenyewe hata haikuwa na mbwembwe. Unatumiwa kiungo kwenye simu, unakigusa, kinafunguka. Hakuna barua pepe, hakuna neno la siri. Swali moja kwa skrini moja, kwa herufi kubwa za mtu aliyesahau miwani, na asiyependa kuandika anabonyeza na kusema kwa mdomo. Nélida aliijaribu akiwa anamenya viazi, kwa kidole kimoja chenye maji, nayo haikulalamika. Akasema, Mungu wangu, kumbe vipo vitu vya namna hii, na mimi nimekuwa nikiwatesa watu wa watu kwa mishale.

Akaandika maswali saba. La sita lilikuwa lile la ubao: je, unahitaji skrini ya kuonyesha kila mtu amefungasha trei ngapi? Na juu kabisa akaweka sentensi aliyoipenda kuliko zote: jibu peke yako, kwa uhuru wako, hakuna mwenzako atakayeliona jibu lako. Alikuwa ameona ofisi nyingi ambako anayepiga kelele ndiye anayeandikwa. Safari hii hata mkimya angesikika. Akakituma kiungo kwenye kundi la simu la ushirika akangoja.

Jumanne ikapita kimya. Jumatano asubuhi, kimya. Alikuwa akiitazama simu kila akipita karibu nayo, akajikasirikia, akaifunika na taulo la jikoni. Saa nane na dakika arobaini mchana ikaanza kulia, ikalia mfululizo, na kabla ya saa tisa na robo majibu arobaini na matatu yalikuwa yameingia. Hakukosekana mtu. Nélida alikaa chini kuyasoma, na alipofika la tano akarudi la kwanza.

Yalikuwa yaleyale. Tunahitaji kujua magunia ya unga yaliyobaki kabla tanuri halijawashwa. Tunahitaji oda ya dukani isichanganyikane na oda ya shule. Neno kwa neno, kutoka la kwanza mpaka la mwisho, na pale nukta ilipokosekana, ilikosekana mara arobaini na tatu. Kwenye swali la sita, wote: ndiyo, tunaihitaji.

Alidhani programu imeharibika. Akajijazia mwenyewe majibu ya uongo, yakaja sawasawa. Akayafuta. Wakati huo Leandro alikuwa ameshayaona, akapiga simu akicheka.

"Neli, wewe ni mchawi! Nimefanya kazi hii miaka kumi, sijawahi kuona wateja wanaokubaliana. Andika hati, tumemaliza."

Mwingine angeshukuru na kuandika. Lakini Nélida alikuwa amekaa na watu wale wiki tatu, akawaona wakibishana robo saa nzima kuhusu dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Watu wale wakubaliane maswali saba? Alilala akiliwaza hilo, na Alhamisi asubuhi akapanda basi chini ya manyunyu akaenda kiwandani.

Alimkuta Delia Quiroz kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kibuyu chake cha chai chungu ya yerba mkononi na chupa ya maji ya moto kwapani. Delia alikuwa wa ufungashaji, miaka sitini na miwili, mmoja wa walioingia siku geti lilipovunjwa. Alivuta mrija mpaka kibuyu kikakoroma, akakijaza tena, akamsukumia mgeni.

"Kunywa kwanza, umelowa kama paka."

Nélida akanywa. "Delia, niambie ukweli. Nani aliwajazia majibu?"

"Alijijazia kila mtu. Bonge alipanda kwenye kreti akasoma, sisi tukaandika."

"Akasoma nini?"

"Tulichoamua! Tulifanya mkutano. Swali la kwanza, mikono juu. La pili, mikono juu. Saa nzima na nusu, miguu ikatuvimba, biskuti za zamu ya mchana zikachelewa. Unadhani tuliifanyia mzaha hiyo simu yako?"

"Lakini niliandika kila mtu ajibu peke yake. Pale juu kabisa."

"Tuliiona," Delia alisema. "Ndiyo sababu tukafanya mkutano."

Nélida akamrudishia kibuyu. Delia alikishika bila kukijaza.

"Wewe hukuwepo, sikulaumu. Mwaka ule tajiri alipotaka kutuondoa bila kutulipa kitu, hakutuita wote. Alituita mmoja mmoja, ofisini kule juu. Kwa upole kabisa. Kaa, Delia, jibu kwa uhuru wako, hakuna mwenzako atakayejua. Aliyepanda ngazi ile peke yake alishuka ametia sahihi ya kuacha kazi. Tulikuwa themanini na wanane, tukabaki nusu. Siku yangu ilipofika nilipanda na wanawake sita, tukakaa kwenye zulia lake na mabuti yetu ya unga. Tangu hapo kiwanda hiki hakijibu swali la mtu peke yake. Hata walipokuja wa sensa tulitaka kwanza tujadiliane."

Nélida alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Alikuwa ameandika maneno yaleyale. Alikuwa ameyapenda.

"Na la sita? Lile la ubao wa trei. Mikono mingapi?"

"Ishirini na miwili kwa ishirini na mmoja."

"Ishirini na... Delia! Mbona nina ndiyo arobaini na tatu?"

"Kwa sababu ndiyo ilishinda. Sasa ulitaka tuandike nini?"

"Wewe mwenyewe uliinua wapi?"

"Hapana. Niliinua kwa hapana, tena mkono huu wenye bega bovu." Delia akatabasamu. "Halafu nikakaa nikaandika ndiyo, kama watu wote."

Alimweleza bila uchungu. Vijana ndio walioutaka ubao, na kiongozi wao Brisa, msichana wa miaka ishirini na minne anayeendesha mashine ya kufungia. Si wabaya, Delia alisema. Wanaona wao wanatoa trei hamsini na wazee thelathini, na fungu ni lilelile, basi wanataka kujua nani anafanya kazi na nani anapumzika. Yeye Delia hufikisha thelathini na moja siku ambayo kiganja hakimuumi.

"Leo tunagawana sawa. Namba zikishaning'inia ukutani, mchana kutwa, kila mwaka, tutagawana sawa mpaka lini? Lakini ndiyo hivyo, tulishindwa." Akamtazama. "Na wewe je? Uso umekushuka tangu ulipoingia."

Hakuwa amekusudia kusema. Hata dada yake hakuwa amemwambia. Ulikuwa uchovu tu, na joto la kibuyu, na kuulizwa yeye kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu za kuuliza wengine. Akamwambia Delia yote: Ijumaa saa sita, Leandro, mkataba, miaka mitatu. Akasema pia kwamba hata hivyo hawezi kupeleka hati ya makubaliano akijua wamegawanyika katikati, na kwamba anataka kuomba mkutano ulifikirie tena. Delia alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Omba," alisema mwishowe. "Mgeni anaruhusiwa kusema kabla ya kura. Kura ikishafunguliwa, hafungui mdomo."

Walikutana saa nane mchana, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, wamesimama kati ya tanuri na magunia. Nélida alikuwa amechora ubao kwenye karatasi kubwa: majina juu mpaka chini, namba pembeni. Hakuweka majina ya kweli. Akawaonyesha.

"Nina swali moja ambalo sikuliweka kwenye simu, na kosa ni langu. Kila siku, lazima kuna mtu atakuwa chini kabisa. Mtamfanya nini?"

Brisa alikuwa wa kwanza kujibu, maana hakuwa mwoga. "Tutamsaidia."

"Unajuaje kama ni wa kusaidiwa au wa kusemwa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Namba itasema."

"Namba itasema nini kuhusu kiganja cha Delia?"

"Mimi sijamtaja Delia!" Brisa alisema, na mashavu yakamwiva. "Msiniwekee maneno mdomoni jamani."

Bonge, aliyekuwa juu ya kreti lake, akajikuna shingo. "Mimi nilipiga ndiyo," alisema. "Sasa natazama hii karatasi. Tanuri langu linachukua muda kupoa, naja kufungasha nimechelewa. Wa chini kabisa ni mimi, wenzangu. Mwenyekiti wenu, kila siku, wa mwisho."

Wakacheka, na kicheko kikaleta maneno. Mzee mmoja wa bohari alisema wazi kwamba akiliona jina lake pale chini atakaa nyumbani. Kijana wa zamu ya mchana alisema yeye alidhani ni ubao wa kutazama tu, kama matokeo ya mpira. Brisa alikuwa ameikazia macho ile karatasi. "Sikuwaza hivyo," alisema polepole. "Nilitaka nijue tu. Sikutaka mtu ajione hafai." Nélida aliona mkutano ukigeuka mbele ya macho yake, na japo alijua kugeuka huko kutamgharimu nini, alifurahi, furaha ya kweli, ya kuona kazi yake ikifanyika ilivyopaswa kufanyika. Ilikuwa muda mrefu hajaihisi.

Ndipo Delia akanyoosha mkono kuomba neno.

"Kuna kitu mwenzetu huyu hajakisema," alianza.

Nélida akageuka. "Delia, hapana. Tafadhali."

"Neno ni la Delia," Bonge alisema.

"Tukiandika hapana, bosi wake anauacha mradi, na mwisho wa mwezi huyu mama hana kazi. Ana miaka hamsini na saba. Amebakiza mitatu. Amekuja hapa kutusemea sisi na yake ameyameza."

Watu wakamtazama Nélida. Alitamani sakafu immeze. "Hilo halihusiani na mahitaji yenu," alisema. "Mimi nimekuja kuuliza mnachohitaji ninyi. Jambo langu ni langu."

"Si mshirika wetu," mtu akanong'ona, si kwa ubaya.

"Hata waliotuletea mkate tulipokesha getini miezi saba hawakuwa washirika wetu," Delia alisema. "Nilikuwa na njaa, nikaula, sikuwauliza kadi ya uanachama. Wenzangu, mimi katika kiwanda hiki sijawahi kuinua mkono wa kumtoa mfanyakazi kazini. Wengine mnaweza kuinua. Mimi huu mkono hauinuki kwa hilo. Naomba ipigwe kura upya."

"Mnasikia?" Nélida alisema. "Msifanye hivyo. Sikuwaomba. Mimi nitatafuta..."

"Dada," Bonge akamkatiza, na uso wake ulikuwa wa huzuni kweli, "kura imefunguliwa. Mgeni haongei."

Bonge akaitisha kura. Wanaotaka ubao, mikono juu. Wa kwanza ulikuwa wa Delia, ule wenye bega bovu, ukapanda kwa vituo. Ukafuata wa mzee wa bohari. Ukafuata wa Bonge. Kisha ikapanda yote kwa pamoja, mikono yenye unga, na Nélida akaihesabu kwa mazoea, hakuweza kujizuia. Arobaini na mmoja. Waliokataa walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Brisa, akilia kwa hasira, akisema huu ni wazimu, wazimu mtupu.

"Ndiyo imepita," Bonge alisema. "Brisa, mama, ndiyo imepita."

Brisa akajifuta kwa aproni. "Nimesikia. Ndiyo."

Majibu kwenye simu hayakuhitaji kubadilishwa. Nélida alipewa meza kwenye kona ya ufungashaji, akaandika hati, na kufikia saa kumi na moja jioni hitaji la sita lilikuwa limeandikwa: limekubaliwa na wote. Angeweza kuandika vinginevyo. Kidole chake kilikaa juu ya herufi muda mrefu, naye akaifikiria miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, na uchovu ukamjia wote kwa pamoja. Akaituma. Leandro alijibu kabla hajainuka kitini.

"Safi kabisa! Umeona? Programu rahisi, watu wanasema wanachotaka. Nitumie majina ya wafungashaji leo hii, vijana waanze kuujaza ubao. Na Jumatatu uje tutie sahihi mkataba wako."

Akafungua ukurasa mpya. Mashine zilikuwa zimewashwa tena na trei zinapita, na Delia alikuwa mahali pake pa siku zote, hatua tatu kutoka pale mezani, akipanga biskuti huku akikinyoosha kiganja kila baada ya boksi. Nélida aliandika jina la Brisa. Akaandika mengine, moja baada ya jingine, kwa kuwatazama usoni walipokuwa wamesimama. Alipofika kwa Delia akaacha kuandika.

Delia aliona. Hakuacha kupanga.

"Unangoja nini?" alisema. "Mimi nipo. Niandike."

Nélida akamwandika.